Kanga za Mtoto na Moshi wa Bani

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kaliua. Nilipoolewa Usoke, kwenye familia ya wakulima wa tumbaku, niliweka sharti moja: shambani sikanyagi. Mume wangu alikubali. Mama mkwe alicheka tu.

Mimba yangu ilifika mwezi wa tisa katikati ya mvua. Nilifua kanga sita za kumpokelea mtoto, zilizochakaa vya kutosha kuwa laini, nikazianika barazani. Siku nne zilipita bila kukauka. Siku ya tano nilikuta kamba tupu. Mama mkwe alikuwa amezipeleka kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, ambako moto ulikuwa hauzimwi. Zilirudi kavu kabisa, zikinuka kama baba mkwe.

"Mama, sasa mtoto anuke tumbaku?" nilimwuliza.

"Atanuka kama baba yake," alisema, akaendelea kufunga majani kwenye fito.

Nilizifua upya kwa hasira, nikamaliza kipande kizima cha sabuni. Mvua haikukatika. Siku zilipokaribia, nilisubiri mama mkwe aende kanisani, nikazipeleka bani mwenyewe.

Nilipofika zahanati na uchungu wangu, nesi alifungua begi, akanusa kanga ya juu, akavuta daftari. Aliniuliza jina, akaniuliza umri. Kazi hakuniuliza. Aliandika: mkulima wa tumbaku.