Somo la Umoja Mezani kwa Shemeji

Nilifunga safari ya Ubelgiji mwaka 2011 kwa sababu dada yangu Rehema alijifungua mtoto wa kike, akaniandikia kwamba anataka nimwone. Tulikuwa hatujazungumza miaka sita. Alipoolewa na Mbuyi, Mkongo aliyekutana naye masomoni, mimi ndiye niliyewashawishi wazee wetu wa Morogoro wasiende harusini. Nilisema si mtu wa kwetu.

Jumamosi asubuhi nilitua Brussels kwa ziara ya wiki mbili. Mbuyi mwenyewe alikuja kunipokea, akanivisha koti lake kwa kuwa langu lilikuwa jepesi. Njia nzima hadi kwao Etterbeek hakugusia harusi.

Mchana, tukila bukari, ugali wao, aliniuliza ninafundisha nini. Historia, nikamjibu. Nikamweleza kwa mbwembwe jinsi vijidola vya Italia vilivyoungana chini ya mfalme wa Piedmont, na Wajerumani chini ya Prussia, kwa vita na kwa kuamini kwamba watu wa lugha moja ni taifa moja. Nikamchorea na ramani nyuma ya bahasha.

"Na bale bantu ba lugha ingine, benye balikuwa ndani ya mpaka?" aliuliza kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Wapolandi walilazimishwa Kijerumani. Wengine walifukuzwa."

Akaweka tonge chini. "Bon, mwalimu. Mimi nilizaliwa Lubumbashi. Papa yangu pia. Ni babu tu alitokea Kasai. Siku moja bantu bakakuja, bakasema: rudieni kwenu Kasai. Alors, kwetu ni wapi? Kasai sikuijua hata kidogo. Tulilala ku gare majuma tatu, tunangoja train. Maman yangu alifia pale."

Rehema alinitazama. Niliangalia sahani yangu. Maneno ya watu wale nilikuwa nimeyasema mimi pia, sebuleni kwa baba.

Jioni Mbuyi alinitembeza hadi Porte de Namur, mtaa wenye maduka mengi ya Wakongo. Pale watu walipokuwa wakimiminika kutoka kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, nilimwomba radhi.

"Ambia dada yako," alisema. "Ni yeye alilia siku ya mariage yetu."

Tuliporudi nilimwomba radhi Rehema. Akasema, "Kaka, sijakusamehe bado. Ila kaa hizo wiki mbili zote."

Nilikaa. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, mtoto akiwa mgongoni, akanikumbatia.

Niliporudi Morogoro nilifundisha mada ile ile. Niliwataka wanafunzi, wakishaandika waliounganishwa, waandike na waliotolewa nje, na nani aliwatoa. Kisha nikawaambia kwamba niliwahi kuwa mmoja wa hao wanaowatoa wengine nje.