Mtu Nyuma ya Korongo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Mwenye studio, mzee mmoja mfupi wa mtaa huu wa Saio ambaye sote tulimwita Patron, alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akakaa mbele yangu na kuniamuru nimtazame usoni. Nikamtazama mpaka jasho likanitoka. Kisha akauliza nimeona nini. Nikasema macho mawili, pua na masharubu. Akacheka kwa dharau.

"Ile hata kipofu anajua," alisema. "Sikia, bwana. Uso njo kazi yetu. Mutu analeta uso yake hapa, weye unamurudishia ileile. Usimupunguzie kitu."

Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeoa, na nilichukia kufundishwa kama mtoto wa maternelle, wa shule ya chekechea. Lakini nilikaa kwa Patron miaka mingi, na nyinyi vijana mnaopiga picha kwa simu huku mnatembea ni vizuri mjue tulivyofanya. Mwenye uso mpana tulimwekea taa ubavuni ili mifupa ya uso ionekane. Mwenye miwani tuliinamisha kidevu chake kidogo, vioo visirudishe mwanga wa taa. Picha ikiwa tayari, tuliitia kwenye bahasha na kuandika juu yake jina la mtu, na kama walikuwa wawili, tuliandika wanahusianaje: mume na mke, mama na binti, ndugu na ndugu. Zilizokuwa nzuri sana tulizitundika kwenye ubao nje ya mlango, mpita njia azione.

Baada ya hapo niliazimwa na ofisi moja ya serikali kupiga picha za vitambulisho. Huko mkubwa wangu alikuwa Chef de bureau, mtu wa tai shingoni hata siku za joto kali. Sheria yake ilikuwa fupi: "Masikio mbili, mabega mbili, na asicheke." Nilipiga nyuso nyingi mno zisizocheka, mpaka nikawa najisifu kwamba nikimwona mtu mara moja sokoni, namkumbuka mwaka mzima. Majisifu hayo nitayalipia mbele katika hadithi hii.

Patron alipofariki niliirithi studio. Vita vilipita juu yetu, navyo sina haja ya kuvisimulia hapa. Kisha ikaja ile miaka ambayo bunduki zilinyamaza nusu. Wiki hii barabara iko wazi, wiki ijayo mtu anakwambia usitoke. Watu wa Djugu walikuwa wamejaa kwenye kambi za waliokimbia, chini ya maturubai, na sisi wa mjini tulijifanya maisha yamerudi. Ni katika kujifanya huko ndipo nilipoingia kazi ya ndege.

Aliyeniingiza alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia. Zamani aliwahi kufanya kazi kwenye mbuga ya wanyama, kwa hiyo tulimwita Conservateur, yaani mhifadhi. Alikuwa amekusanya kikundi cha watu saba, pamoja na yeye, madaktari, walimu na wageni wawili wa mashirika ya misaada, ambao Jumamosi walishuka pamoja kwa jeep mbili hadi Ziwa Albert kupiga picha za ndege. Walikuwa na kamera nzuri na hawakujua kuzitumia. Mimi nilichukuliwa kama fundi wao, nikawa wa nane.

Nakiri sikuelewa kitu. Watu wazima wanalala kifudifudi kwenye tope, wamejifunika kitambaa cha rangi ya nyasi tulichokiita maficho, wakimsubiri yangeyange ageuze shingo! Lakini baada ya safari mbili nilishikwa. Ndege wa maji mwenye miguu mirefu hutembea kana kwamba anahesabu kila hatua, na mpigaji lazima apumue taratibu kama yeye. Furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayevua samaki, ni shughuli nyingine kabisa. Yeye hakupi nafasi. Unamlenga kabla hajashuka majini, la sivyo unabaki na picha ya maji yaliyoruka.

Conservateur alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa jicho.

"Jicho ya ndege!" alinong'ona kwa ukali ndani ya maficho. "Ukikosa jicho, umekosa ndege. Ile ingine yote ni fond tu. Fond ikuwe moshi."

Fond ni kile kilicho nyuma ya picha. Ili kiwe moshi unalifungua tundu la lenzi kwa upana wote, na kwa lenzi ndefu kila kitu kisicho kwenye umbali wa ndege hupotea: nyasi, mitumbwi, nyumba. Ndege hubaki peke yake duniani. Nilifundisha kikundi kizima kufanya hivyo, na walifanya vizuri.

Sheria ya pili ilihusu daftari. Tuliandika aina ya ndege, saa, jua lilikuwa wapi na hatua ngapi kutoka kwenye lenzi. Mahali hatukuandika kamwe. "Ukiandika mahali," alisema Conservateur, "kesho iko batu kumi chini ya muti, na furukombe anaacha kiota yake." Niliona ni busara. Nilikuwa mtiifu kupita wote.

Basi nikatundika picha moja ya korongo kwenye ubao wangu pale Saio. Alikuwa amesimama majini, shingo imepinda, jicho kali kabisa. Niliipenda sana picha hiyo. Siku ya pili nikasikia mtu anagonga mlango uliokuwa wazi.

Alikuwa mwanamke wa kambini, niliyemjua baadaye kama Mama Neema, mtu wa milima ya kule Kpandroma, huko Djugu. Alikuwa ameishika picha mkononi. Alikuwa ameing'oa ubaoni pamoja na pini.

"Muzee, huyu ulimuona wapi?"

"Korongo?"

"Korongo gani! Huyu mutu. Iko mutu hapa nyuma."

Nikaichukua. Nyuma ya korongo kulikuwa na moshi wa buluu, na ndani ya moshi huo, kweli, doa jeusi lililoinama, karibu na mng'ao mweupe wa kitu kirefu majini. Sikuwa nimeliona wakati wa kupiga, wala wakati wa kuchapa. Naapa sikuwa nimeliona.

"Njo Dieudo," alisema. "Ndugu yangu. Tulipotezana siku ya kukimbia. Batu wanasema alikufa, lakini hakuna mwenye aliona. Anainamaka vile, bega moja chini. Minamujua ata kwa mugongo."

Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja na kufungua picha kwenye kompyuta. Nikakuza. Doa likawa kubwa. Nikakuza tena, likawa vijisanduku vya kahawia. Mama Neema alikuwa anapumua karibu na sikio langu.

"Ongeza. Mulete karibu."

"Mama, hakuna uso hapa. Niliufuta."

"Ulifuta juu ya nini, sababu gani?"

Nikamweleza habari za tundu la lenzi. Akarudi kwenye swali lake la kwanza: wapi? Nikafungua daftari. Korongo. Saa kumi. Jua mgongoni. Hatua arobaini. Basi. Mwezi ule tulikuwa tumeshuka mara mbili, mara moja Kasenyi na mara moja Tchomia, na makorongo ni makorongo kote.

Hapa ndipo majisifu yangu yaliposema badala yangu. Ningeweza kumwambia sijui. Badala yake nikapiga hesabu ya jua mbele yake, kama daktari. Ziwa liko mashariki yetu, nikasema, kwa hiyo alasiri ukitazama maji jua liko mgongoni. Tchomia tuliondoka mapema kwa sababu ya uvumi wa barabarani. Alasiri tulikuwa Kasenyi. "Ni Kasenyi," nikamwambia, kwa sauti ya fundi. Akaifunga picha ndani ya kitenge chake na kutoka, hata kwaheri hakuaga.

Jumamosi iliyofuata hatukusafiri. Barabara ya Bogoro, ile inayoshuka ziwani, ilikuwa imefungwa tena, watu walisema kulikuwa na risasi. Tulikutana kwa Conservateur kutazama picha, nami nikauliza: yule mtu nyuma ya korongo, nani anamkumbuka? Wote wakafungua picha zao. Korongo yuleyule, kamera nane, lenzi nane. Katika sita mtu yule alikuwa moshi. Katika mbili alikuwa amekatwa kabisa ili korongo akae katikati. Watu wanane tulilala kifudifudi mbele ya binadamu mwenzetu, na hakuna aliyeweza kusema kama alikuwa kijana au mzee.

"Mutu gani?" aliuliza Conservateur. Alikuwa amechanganyikiwa kwa kweli, hakuwa na ubaya. "Siye tulikuwa tunapiga korongo."

Kisha daktari mmoja akasema jambo lililonimaliza. Alikumbuka kwamba siku ya Kasenyi ndiyo tuliyoondoka mapema, kwa sababu yeye ndiye aliyeitwa hospitali. Nilikuwa nimechanganya siku: korongo alikuwa wa Tchomia. Nilikuwa nimemtuma mwanamke peke yake kwenye barabara mbaya, kwenda mahali pasipo sahihi.

Nilikwenda kambini. Msimamizi wa kambi aliniambia turubai la Mama Neema lipo, mwenyewe hayupo. Nikarudi baada ya siku tatu, jibu likawa lile lile. Wiki zikapita. Nilikuwa nikimpiga mteja picha ya pasipoti na kusahau kumwambia afumbue macho. Mke wangu aliniuliza naumwa nini, nikashindwa kueleza, maana sikujua hata mimi kosa langu linaanzia wapi: kwenye lenzi, kwenye daftari au kwenye mdomo wangu. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kila gari lililotoka upande wa ziwa.

Asubuhi moja nikasikia tena mtu anagonga mlango uliokuwa wazi. Alikuwa Mama Neema, amechomwa na jua, ananuka samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye bega moja chini. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikamshika yule bwana mkono wote mpaka kiwiko.

"Dieudo! Karibu, Dieudo!"

"Si Dieudo," alisema Mama Neema.

Nikamwachia mkono.

Alinieleza akiwa amesimama. Kasenyi hakuna aliyeutambua mgongo ule, lakini mvuvi mmoja alitambua mtumbwi uliokuwa pembeni yake pichani, kwa sababu ya kiraka cheupe ubavuni ambacho mimi nilidhani ni mwanga juu ya maji. Wavuvi wakampeleka Tchomia. Alimkuta mtu ameinama juu ya wavu, vilevile kama kwenye picha. Akaita jina la ndugu yake kwa nguvu zake zote.

"Akageuka," alisema. "Na haikuwa yeye."

Yule bwana, jina lake Faustin, alizungumza kwa mara ya kwanza. "Miye pia nilipoteza dada. Mutu akiniita kwa sauti ya vile, nitaacha kugeuka?"

Nilipomsikia akitamka maneno hayo niliitambua lafudhi yake. Haikuwa ya kwao Mama Neema. Ilikuwa ya watu ambao, wakati wa vita, wao na watu wa mama huyu walikimbiana, na kila upande una makaburi ya kuonyesha. Nikamtazama mama, nikamtazama bwana. Walikuwa wamesimama karibu karibu, na bwana ndiye aliyekuwa ameshika mfuko wa mama. Mama akasema anakaa Tchomia sasa, anakausha samaki ambao Faustin anavua, analala kwa mama yake Faustin. Sikuelewa. Niliuliza maswali mawili ya kijinga.

"Tupige picha," alisema Mama Neema. "Siye wawili. Lakini usitufanye moshi."

Niliwasimamisha nje, mlangoni. Nikalibana tundu la lenzi mpaka likabaki dogo kama la sindano, kinyume cha yote niliyofundisha, ili kila kitu kionekane: nyuso zao, ubao wangu, nguo za jirani kwenye kamba, vilima kule nyuma. Nikawaambia wanaweza kucheka wakitaka. Hawakucheka. Nikachapa picha, nikachukua bahasha na kalamu kama nilivyofundishwa na Patron, na kalamu ikagoma.

"Niandike nini, mama? Ndugu?"

"Ndugu yangu ni Dieudo. Acha ile. Andika mahali."

"Mahali?"

"Andika Tchomia, upande wa mitumbwi. Kisha uiweke kwa ubao yako. Dieudo akipita hapa, ataona uso yangu, atajua nilienda wapi. Na dada ya huyu vilevile."

Nikaandika. Niliandika kwa herufi kubwa, chini ya picha yenyewe, na tangu siku hiyo kila picha niliyopiga niliiandikia mahali. Conservateur alinilaumu, akasema nitawaharibia furukombe viota. Huenda alikuwa na haki. Niliendelea kushuka naye ziwani miaka kadhaa, nikapiga jicho la ndege kama alivyotaka, lakini kabla ya kulala kwenye tope nilizoea kusimama kwanza na kutazama nani yuko nyuma.

Sasa macho yamechoka, mikono inatetemeka, studio nimeifunga. Vijana huniuliza siri ya kazi, nami sijui nianzie wapi. Mpaka leo siwezi kueleza nilichokiona siku ile mlangoni, mimi niliyejisifu kwa nyuso. Dieudo hajapita, wala yule dada wa Faustin. Majirani wananiambia niondoe ubao, duka limekufa, ubao wa nini? Siondoi. Jua la Saio hula rangi upesi, kwa hiyo kila mwaka nachapa picha ile upya, naandika Tchomia chini yake na kuitundika mahali pake.