Waya wa Mabruki

Levina alikuwa amezoea kulaumiwa. Mtu wa mtandao hospitalini hakumbukwi na yeyote siku mambo yanapokwenda sawa. Yakiharibika, kila mlango una mtu anayemwita kwa jina lake lote. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, binti wa wakulima wa mpunga wa Igunga, amepanga vyumba viwili Cheyo, na kwa wiki tano alikuwa akishindana na kisanduku cha kijivu kisichozidi ukubwa wa Biblia ya kanisani.

Kisanduku hicho ndicho fayawoli. Kinakaa mlangoni mwa mtandao, na kila kinachotoka hospitalini au kuingia lazima kikaguliwe pale kwanza. Sasa kila siku ya kazi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, prosesa yake, ndiyo akili ya kisanduku, ilikuwa ikipanda mpaka asilimia tisini na tisa ya uwezo wake na kukwama hapo hadi saa kumi. Picha za eksirei zilizokuwa zikimfikia daktari bingwa wa Mwanza kwa dakika mbili zilianza kuchukua saa nzima, na nyingine hazikufika kabisa. Levina alikizima akakiwasha. Alikiwekea programu mpya. Alifunga tovuti za mpira, wauguzi wa kiume wakamnunia wiki nzima. Aliwatafuta wezi wa mtandaoni kutoka nchi ambazo hata kwenye ramani asingeweza kuzionyesha. Hakukamata mtu.

Jumatano hiyo, saa tatu kasoro, Dokta Tobias alisimama mlangoni mwa kijichumba chake. Huyu alikuwa daktari mkuu, mzee mpole ambaye hajawahi kuonekana akitembea haraka. Leo alikuwa anahema.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Levina, nina mgonjwa. Mama Advera, wa Puge. Hawezi kulala, hawezi kumaliza maneno mawili bila kutafuta pumzi. Kwenye picha moyo umejaa kifua kizima. Kama ni moyo uliochoka, nampa dawa ya kumkausha maji. Kama ni maji yameuzunguka moyo, dawa hiyohiyo itamuua, inabidi nimchome sindano kifuani. Ultrasaundi iko kwa fundi tangu Jumatatu. Nimeipiga kwa simu nikamtumia bingwa, anasema kwa simu haoni kingo za moyo, anataka picha yenyewe. Sabiri wa eksirei anaituma tangu saa mbili, haiendi."

"Tuna muda gani?"

"Sijui. Labda saa moja."

Levina aliinama kwenye kompyuta yake. Ukurasa wa fayawoli ulifunguka nusu ukaganda. Alichomeka kebo moja kwa moja kwenye kisanduku na kuandika amri kwa mkono. Majibu yalikuja neno moja moja, lakini yalikuja, na yalikuwa ya ajabu. Njia ya kwenda nje ilikuwa karibu tupu. Hakuna aliyekuwa akishusha filamu, hakuna mzigo mkubwa uliokuwa ukipita. Ila maunganisho, ambayo kwa kawaida hayazidi mia nne, yalikuwa zaidi ya elfu sitini. Madogo madogo, yanafunguliwa na kufungwa papo hapo, kama watu wanaobisha hodi na kutimua mbio kabla hawajaitikiwa. Fayawoli ilikuwa inachoka kwa kufungua mlango.

Aliomba ionyeshe nani anayebisha. Ikaganda.

"Dokta, siwezi kumwona ni nani. Ila nje kumetulia, kwa hiyo ni mtu wa humu ndani. Nitachomoa nyaya za majengo, mmoja mmoja. Duka la dawa, maabara, wodi, wote watakatika."

"Chomoa. Lawama nitabeba mimi."

Kwa wiki tano hakuwahi kuthubutu kufanya hivyo mchana. Alichomoa waya namba moja, wa uhasibu. Tisini na tisa. Namba mbili, duka la dawa. Tisini na tisa. Simu yake ilianza kulia mezani, akaiacha ilie. Namba tatu, nne, tano. Maabara walituma mtu, Dokta Tobias akamrudisha kwa mkono bila kumsikiliza. Namba nane, chumba cha Sabiri chenyewe. Tisini na tisa.

Namba tisa aliiruka.

Aliiruka bila kufikiri, jinsi mtu anavyolikwepa kaburi njiani. Juu ya waya kulikuwa na karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe mwaka juzi: Mabruki. Mabruki alikuwa mtumaji wa picha kwa miaka kumi na moja, mtu wa Gongoni, mcheshi, anayemwita kila mtu shemeji. Alifariki kwa homa ya siku mbili tu, na wafanyakazi wote, Waislamu na Wakristo, walikubaliana chumba chake kisiguswe mpaka arobaini. Leo ilikuwa siku ya thelathini na saba. Chumba kimefungwa, mwenyewe yuko chini ya udongo, sasa waya wake una kosa gani?

Alichomoa kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Hospitali nzima ilikuwa gizani upande wa mtandao, na ile namba pale kwenye kioo haikuwa imeshuka hata kidogo.

"Bado?" aliuliza Dokta Tobias.

Levina alitazama waya wa tisa. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa kwa kasi kuliko taa yoyote aliyowahi kuiona. Aliogopa, tena waziwazi, na hakujali kama dokta anamwona. Akauvuta.

Tisini na tisa. Sitini na nne. Kumi na moja.

Alirudisha nyaya nyingine zote haraka haraka, na kabla hajamaliza Sabiri alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua kwamba picha imekwenda. Dokta alikuwa ameshatoka. Levina aliketi sakafuni, waya wa marehemu ukining'inia mbele ya uso wake, na kwa dakika chache akajiona mtu wa maana.

Zilikuwa chache kweli. Simu ililia tena, na sauti ya Dokta Tobias ilikuwa ya chini.

"Bingwa ameiona. Anasema moyo ni mkubwa, lakini anataka kujua umekuwa hivyo tangu lini. Kama ulikuwa hivyo tangu zamani ni jambo moja, kama umevimba juzi ni jingine. Mama anasema alipigwa picha hapahapa, Jumamosi moja, mwezi na kitu uliopita, akaambiwa asubiri majibu. Sabiri amefukua ghala lote la picha, haipo. Hali yake inashuka, Levina."

Picha huingia ghalani baada ya kupokelewa Mwanza. Isiyopokelewa hubaki kwenye kompyuta ya aliyeituma. Levina alikuwa anajua hilo. Aliinuka akakimbia.

Mlango wa chumba cha Mabruki ulikuwa wazi. Bi Mwanahawa, mfagiaji anayekaa na funguo, alikuwa anakunja kitambaa cha kufutia vumbi, na harufu ya ubani ilikuwa imetanda. Mkeka wa kusalia ulikuwa palepale, tasbihi juu ya meza. Kompyuta ilikuwa inawaka.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nani ameiwasha?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi. Miaka kumi na moja namuwashia kabla hajafika, aikute tayari. Tangu niliporudi kutoka matangani nawasha nikiingia, nazima nikitoka. Mpaka arobaini yake. Nimekosea?"

Levina alivua viatu, akaingia, akaketi kwenye kile kiti ambacho hakuna aliyekikalia kwa siku thelathini na tisa.

Kwenye kioo kulikuwa na foleni ya picha kumi na moja, zote za Jumamosi ile umeme ulipokatika mchana na Mabruki akarudi nyumbani akitetemeka kwa homa. Ya kwanza kabisa ilikuwa na jina la Advera, Puge. Pembeni yake programu iliandika sababu ya kukataliwa: nywila si sahihi. Ikikataliwa, haikungoja hata sekunde. Ilirudi kubisha.

Hapo ndipo moyo wake mwenyewe ulipozama. Siku mbili baada ya maziko, Mwanza walibadilisha nywila ya mfumo wa picha. Yeye Levina alizunguka hospitali nzima akiweka mpya kwenye kila kompyuta, na mkuu wa utawala akamsifu kwenye kikao. Hii moja aliiacha. Aliona aibu kuomba ufunguo wa chumba cha msiba, akajiambia iliyofungwa haina haja.

Aliandika nywila mpya, akaikosea, akaiandika tena. Akampigia Sabiri arudishe waya namba tisa. Picha ya kwanza ikaondoka, na nyingine zikafuata, moja baada ya moja, mpaka foleni ikawa tupu.

"Hukukosea, bi mkubwa," alisema, akiinuka kitini.

Baada ya dakika sita bingwa alipiga simu. Katika siku thelathini na tisa kivuli cha moyo kilikuwa kimeongezeka karibu mara mbili. Ni maji. Choma sasa hivi. Dokta Tobias alimchoma Mama Advera sindano chini ya kifua akatoa zaidi ya nusu lita, na mama akavuta pumzi ndefu iliyosikika hadi kwenye korido.

Saa kumi Levina alikwenda wodini. Angeweza kwenda nyumbani, hakuna aliyemwita. Mama Advera alikuwa ameegemea mito miwili, anakunywa uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unafanya kazi na yule baba wa picha? Mcheshi yule, alikuwa ananiita shemeji. Aliniahidi ataituma picha siku ileile. Nimekaa nyumbani nangoja, nikasema kumbe na huyu ni walewale."

Levina alishika chuma cha kitanda.

"Alikuwa anatuma, mama. Kila siku, kutwa nzima. Mimi ndiye niliyemfungia mlango."