Wembe wa Spika

Haya ninayokuletea hutayaamini, na wala usijilaumu. Mimi mwenyewe, niliyekuwepo kichwa na mabega, siku nyingine huamka nikajiuliza kama sikuyaota. Lakini mimi ni mtu mzima. Shule niliiacha darasa la saba, baada ya walimu kukiri kwamba hawana cha kuniongezea. Na uongo kwangu ni kama nywele: vyote viwili viliniaga ujanani.

Kuna kinyozi mmoja, mtoto wa dada yangu. Chumba chake kimebanwa kati ya fundi saa na muuza vioo. Mna kiti cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka, kioo chenye ufa unaompa kila mteja pua mbili, na benchi la kungojea zamu. Wateja wanamwita Spika, kwa kuwa mle ndani mwenye ruhusa ya kusema ni mmoja tu.

Kwa miaka kumi na moja Spika hakuwahi kushindwa hoja. Anakufunga shuka shingoni, anakupaka povu hadi puani, anakuinua kidevu kwa kidole kimoja, anafungua wembe. Hapo ndipo anapokumbuka siasa.

"Mimi nasema nchi nzima inatoshwa na mawaziri wanne. Nakosea?"

"Hukosei, Spika."

"Na kura wapige wenye wake tu. Au vipi?"

"Kabisa, Spika." Hilo lilijibiwa na kapera wa miaka hamsini.

Mjomba wake, yaani huyu anayekuandikia, shujaa asiyemwogopa mtu wala mnyama, aliwahi kukubali kwamba viongozi wachaguliwe kwa urefu. Naye mjomba, ili afungue dirisha lake, hupanda stuli.

Spika akapiga hesabu. Mtu anayekubaliwa na watu ishirini kila siku, wa vyama vyote na dini zote, huyo si kinyozi tena, ni mwanafalsafa aliyepotea njia. Kwa hiyo alipoona kwenye simu tangazo la kikundi cha kusoma falsafa ya siasa mtandaoni, kila Jumapili saa kumi alasiri, wote karibuni, alijiambia, "Hatimaye wamenitafuta."

Kikundi kilikuwa cha watu saba, yeye akiwa wa saba. Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya kukufanya uangalie kucha zako kama ni safi. Sheria yao ilikuwa moja. Kila mmoja ataongoza sura moja ya kitabu, atatoa mfano kutoka maisha yake, na atautetea. Ukishindwa, unakuwa msikilizaji: kipaza sauti chako kinafungwa mpaka kitabu kiishe. Kitabu kilikuwa na sura kumi na nne, nao ndio kwanza walikuwa kwenye ya tatu. Kumfunga Spika mdomo kwa muda huo ni bora umfunge jela, jela atapata wa kuongea nao.

Jumapili ya kwanza alimwaga hoja yake ya mawaziri wanne, kisha akangoja "hukosei" yake. Akangoja. Akaipiga simu kofi, akidhani mtandao umekata.

"Tunakusikia vizuri, mwanangu," Mwalimu akasema. "Hatujakubali tu."

Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo nyuma ya mlango, alicheka mpaka akakunja shati moja mara tatu.

Wiki iliyofuata ikawa zamu yake kuongoza. Sura ilihusu ridhaa: kwamba mtawala hana haki ya kutawala mpaka wanaotawaliwa wamkubali kwa hiari yao. Spika aliona sura hiyo kama suti iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

"Mfano ni mimi," akasema, kifua mbele. "Watu ishirini kwa siku, miaka kumi na moja, hajatokea wa kunipinga. Kama hiyo si ridhaa, ridhaa ni nini?"

Muuguzi mmoja wa kikundi, dada mpole kabisa, akauliza, "Samahani kaka. Unapowauliza, mkononi huwa umeshika nini?"

"Wembe."

"Na wembe huwa uko wapi?"

Spika akajishika koo.

"Nenda ukalitafute jibu," Mwalimu akasema. "Jumapili ijayo uje nalo. Ukija mikono mitupu, nakufunga kipaza sauti."

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza alikuwa mjomba. Spika alinuna kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. Katikati ya kunyoa akaufungia wembe kabatini, akarudi akaonyesha viganja vitupu.

"Mjomba, sina kitu. Niambie kweli. Viongozi wachaguliwe kwa urefu?"

Mjomba akajitazama kwenye kioo. Shavu la kulia lilikuwa jeupe kwa povu, la kushoto limenyolewa. Akamwaza mke wake akimwona anarudi nyumbani hivyo.

"Kwa urefu, mpwa wangu. Tena virefusho vya viatu visihesabiwe."

Spika akamtazama, kisha akalitazama lile shavu. Akaelewa. Akautoa wembe, akanyoa kimyakimya hadi mwisho, akamfuta, akamfungua shuka, akampa kofia yake, akafungua mlango na kumsimamisha kizingitini, mguu mmoja nje.

"Sasa?"

"Sasa," mjomba akasema, akipima umbali wa kukimbia, "tangu ufungue hiki chumba sijakubaliana nawe hata siku moja. Hata ile juzi uliposema mvua itanyesha."

"Ilinyesha."

"Nilikataa hivyo hivyo."

Spika alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kile kisichozunguka, akajitazama na pua zake mbili. Unajua kinachouma? Si kushindwa. Ni kugundua kwamba mechi zote ulizoshinda, mpinzani alikuwa amefungwa shuka.

Hata hivyo hakuacha. Wiki nzima aliwauliza wateja kizingitini, akiandika majibu nyuma ya kalenda. Jumapili akakisogelea kipaza sauti, akasema kwa sauti ndogo.

"Nimewauliza watu mia na sita, wembe ukiwa kabatini, ndevu zimekwisha, mlango uko wazi. Amenikubali mmoja. Naye masikio yake ni mabovu. Wiki iliyopita nilisema nina ridhaa. Nilikuwa na wembe tu."

Spika akasubiri kufungwa mdomo.

"Hilo ndilo jibu," Mwalimu akasema. "Baki na kipaza sauti chako, mwanangu."

Hapo ndipo watu wote arobaini wa kikundi walipoinuka kwenye viti vyao wakipiga makofi, muuguzi akidondosha machozi kwenye kitabu, na Mwalimu akatangaza kwamba kwa miaka yote aliyofundisha hajapata kuona...

"Arobaini wametoka wapi?"

Loo. Kumbe Spika anasomea begani kwangu. Nilikuwa naandika kwenye benchi, nikingoja zamu.

"Tulikuwa saba, mjomba. Na aliyelia nani? Hebu panda kitini."

Nikapanda. Shuka, povu, kidole chini ya kidevu, wembe ukafunguka.

"Tulikuwa wangapi?"

"Saba, Spika. Macho makavu kabisa."

Akaninyoa hadi mwisho, akaufungia wembe kabatini, akanipa kofia, akafungua mlango.

"Haya, sasa uko huru. Wangapi?"

Nikaweka mguu mmoja nje, kisha, kwa usalama, na wa pili.

"Kwa ridhaa yangu mwenyewe, mpwa wangu, bila kulazimishwa na mtu: mlikuwa sitini, na yule Mwalimu alilia mpaka ikabidi muuguzi..."

Yaliyobaki niliyamalizia mbioni.