Boga la Mbegu

Mwaka wa uhuru shuleni walitupa biskuti. Mwaka wa uasi walitupa likizo, na hakuna aliyekuja kutuambia itaisha lini. Kwa hiyo mimi, mwanafunzi wa sekondari, nikawa napalilia nyuma ya nyumba yetu, hapa Uvira, karibu na barabara ya Fizi.

Tulikuwa tumetoka kujificha mlimani. Huku nyuma wapiganaji waliolala katika nyumba zetu walikula kila kitu, mpaka mbegu. Kwa majirani hakukubaki hata moja. Kwetu ulibaki mche wa boga uliojiotea wenyewe. Ulipozaa, mama alichagua boga kubwa kuliko yote akalifunga kitambaa chekundu kwenye kikonyo: hili haliguswi, ni la mbegu, zetu na za majirani.

Asubuhi moja mpiganaji wa bariyeri, kile kizuizi chao cha barabarani, akaingia shambani. Bunduki ilimzidi urefu.

"Hii kitambaa iko ya nini?"

"Iko cheo," nikamwambia. "Huyo ni kapteni."

"Basi kapteni anakuja kwetu." Akalikata, akalibeba begani, akaenda.

Mama aliposikia hakunipiga kwa utani ule. Alikuwa amechoka hata kupiga. Alichukua kisu na beseni akamfuata, nami nyuma yake.

Mwaka huo niliona watu wengi wakiibiwa, lakini sikuwahi kuona aliyeibiwa akienda kumpikia mwizi. Pale bariyeri mama aliwaambia, "Wanangu, nyinyi hamujue kupika. Leteni hapa." Akalipasua boga, mbegu akazikombea kwenye beseni, nyama akaitia kwenye sufuria yao. Yule mpiganaji akapeleka mkono kwenye beseni.

"Hizi tutakaanga."

"Kula boga, mwanangu. Mbegu hapana."

"Mama, tuko na njaa."

"Hata miye."

"Mpaka zizae, weye utakuwa bado hapa?"

"Sijui. Na weye?"

Yule mpiganaji alitupia chache mdomoni, nyingine akazirudisha, akageuka kuangalia barabara.

Nyumbani tulikuta wanawake wa jirani wamekaa barazani wanatungoja. Mama akamwaga maji kwenye beseni. Boga lilikuwa halijakomaa vizuri, kwa hiyo nyingi zilielea, na zinazoelea hazioti. Zilizozama akaanza kuwagawia, na hakuacha mpaka karibu ziishe.

"Mama, na sisi?"

"Tukikimbia tena, weye utazibeba? Wacha zikae kwa watu wengi."

Zetu zilienea kiganjani. Nilikuwa na utani mzuri wa kumwambia, lakini mama alikuwa ameshalala palepale, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Nikazitandaza kwenye ungo, nikakaa kumfukuza kuku wa jirani, yule mmoja aliyepona vita.