Hitima ya Siku Elfu

Wartini alipika wali wa hitima ya mtu aliyekuwa hai. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa na kuifuta, kwa kuwa wali huo niliula nami, nikaomba sahani ya pili.

Kijijini kwetu, katika vilima vya Ponorogo, Wartini anajulikana kwa tempe yake, zile soya anazozivundika ndani ya majani ya mgomba mpaka zishikamane, na kwa ulimi wake. Ni mjane wa miaka arobaini na saba. Hakuvuka darasa la sita. Kwa muda mrefu sasa ni mmoja wa wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa wa akili waliofungwa miguu kwenye magogo, ili wafunguliwe na kupewa dawa. Alikwisha kuwatoa watu sita. Sokoni walimcheka.

"Wartini, siku hizi unauza vichaa?"

"Nauza vyote, shoga yangu. Wewe nikufungie kipi?"

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Mama Ginah, anayeishi na mumewe, mzee Sarkun, wawili tu tangu binti yao mdogo aolewe. Binti yao mkubwa, Ruminah, alikwenda Malesia kufanya kazi za ndani. Mwaka wa pili walituambia kwamba amefariki na kuzikwa huko huko. Tukamsomea hitima siku ya saba, ya arobaini, ya mia, na hatimaye ya elfu, ambayo kwetu ndiyo ya kumuaga marehemu moja kwa moja. Mara zote nne Wartini alisimamia sufuria, uani kwa Mama Ginah. Mimi, mwenye shahada ya saikolojia iliyotundikwa sebuleni, niliombwa kusema machache juu ya marehemu. Nilisema vizuri mno.

Asubuhi moja mwaka jana Wartini alikuwa akifunga tempe. Kwetu kifurushi kimoja ni cha mlaji mmoja. Akamwekea Ginah vitatu kando, kama alivyofanya kila siku kwa miaka minne, na mkono ukamganda hewani. Vitatu, kwa wazee wawili!

Alinijia mbio, viganja vingali na soya.

"Mwalimu, nimekuwa nikimuuzia maiti tempe."

Tulimkuta Ginah akipuliza moto jikoni, uani. Wartini hakusalimu.

"Mama Ginah, kifurushi cha tatu anakula nani?"

"Paka."

"Paka wako alikufa mwaka wa mafuriko. Nilikusaidia kumzika."

Nyuma ya rundo la kuni mtu akakohoa. Ginah akaketi chini. Wartini akaanza kuzitupa kuni, moja baada ya nyingine, na nyuma yake ukatokea mlango wa mbao, na nyuma ya mlango akatokea Ruminah, nywele zimenyolewa, vifundo vyote viwili vya miguu vimebanwa ndani ya gogo la mfenesi. Kutoka hapo hadi mafiga ya hitima nilihesabu hatua kumi. Nilizihesabu tena, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya na akili yangu.

"Mwaka ule alirudi alfajiri, hakunijua," Ginah alisema. "Alitaka kuichoma nyumba. Na mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza ameposwa. Nikasema amekufa. Baada ya hapo ningesema nini?"

"Ungesema umekosea!"

"Mmekula hitima nne, Wartini! Kijiji kizima kimemwombea. Nikimtoa leo, uso wangu nitauweka wapi? Siwezi. Nendeni."

Alisimama mlangoni, mikono ameitandaza. Nilijiona nikirudi nyuma hatua moja. Wartini yeye alitoka hadi barabarani, akapaza sauti:

"Enyi mliokula wali wa Ruminah! Njooni, yu hai!"

Wakaja, ishirini hivi. Nilitarajia kelele. Walisimama uani wakiutazama mlango, na mmoja mmoja wakainamisha vichwa.

"Nilipika mimi," Wartini akasema. "Mwalimu alihutubia. Hawa walikula. Hiyo aibu tugawane, Mama Ginah. Huwezi kuibeba peke yako, na mtoto hawezi kuendelea kuikalia kwenye gogo."

Hakuna aliyecheka. Ginah aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayemtafuta wa kucheka. Kisha mikono ikamshuka.

Ndipo mzee Sarkun akatoka chumbani na msumeno.

"Nimekuwa nikiunoa kila Ijumaa," alisema, na akapiga magoti mbele ya gogo.

Muuguzi aliyeitwa na Wartini alifika gogo lilipopasuka. Miguu ya Ruminah haikunyooka. Ilibaki imekunjwa hivyo hivyo hewani tulipombeba. Alimkazia macho Wartini.

"Sauti yako naijua. Wewe ndiye mpishi."

"Ndimi, mwanangu."

"Mama aliniletea fungu langu kila mara. Ule wali wa siku elfu uliuzidisha chumvi."

Wartini alicheka, sauti moja tu, kisha akajishika mdomo na kuketi mavumbini.

Ruminah akanigeukia.

"Na wewe ndiye uliyesema nilikuwa mpole?"

Nikaitikia.

"Nilipiga kelele wakati ule," alisema. "Mlikuwa mnaitikia amina."