Ekzosi ya Ubavuni na Baibui la Mke Wangu

Mke wangu alikaa miaka kumi na minane bila kupanda gari langu. Hatukuachana wala hatukununiana. Tulizaa, tukalea, tukajenga. Lakini kila nilipolitoa gari, yeye alijifunga mtandio akaenda zake kituoni kungoja basi, na mimi nikabaki na kiti kitupu ubavuni.

Ni gari la michezo la viti viwili, kongwe kunishinda mimi. Mjomba wangu aliyekuwa baharia alilileta kwa meli, na alipozeeka akanikabidhi ufunguo. Boneti yake ni ndefu na tumbo lake liko chini mno, kuku akitaka kupita humo lazima ainame. Chini ya tumbo hilo ndiko ekzosi, lile bomba la moshi, ilikokuwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tulipomaliza fungate nilimchukua bibi harusi wangu kumpeleka kijijini Msuka kwa mama. Alivaa baibui jipya lenye nakshi za dhahabu mikononi na chini. Nilikuwa kijana na nilikwenda mbio kwa kujionesha. Tulipofika Shumba, penye mawe, jiwe likaikamata ekzosi, ikang'oka nzima. Kuitupa sikutaka, pa kuiweka hapakuwapo, basi ilipopoa nikamlazia bibi harusi bomba mapajani. Tuliingia Msuka gari likinguruma kama mashine ya kusaga, kijiji kizima kikatoka nje, na mke wangu akashuka mbele ya mama mkwe akiwa amejaa masizi tangu kifuani hadi miguuni. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Kwa miaka wakamwita bibi harusi wa masizi, naye hakusahau hata siku moja.

Mwaka huu mama alituita Idi. Nikamwambia mke wangu twende na gari letu.

"Gari lako," akanisahihisha. "Mie nshakwambia, lile silipandi na bomba lile chini."

"Nikilitoa chini?"

"Ukilitoa chini, n'tapanda."

Neno lake nililiweka moyoni, na asubuhi yake nilikuwa Chake Chake kwa fundi wangu, rafiki yangu tangu ujana. Nilimwambia nataka moshi utoke ubavuni. Injini yangu ina mitungi sita, zile silinda za kuchomea mafuta, na moshi wote hutokea upande wa kushoto. Tulihitaji mabomba sita, kila mtungi na lake, yajipinde kwa pamoja, yatoke nyuma ya gurudumu la mbele na kuungana katika bomba moja nene linalopita chini ya mlango. Vitu kama hivyo huuzwa tayari ng'ambo. Sisi tuliamua kuyapinda wenyewe.

Bomba ukilipinda hivi hivi hubonyea. Dawa yake ni kulijaza mchanga, kuziba ncha zote mbili, kulipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha kulipinda taratibu. Nilileta gunia la mchanga wa pwani. Fundi akautia mkono, akautoa haraka.

"Huu una maji, bwana. Ukipata moto humo ndani utatuua sote wawili."

Nikaurudisha nyumbani nikauanika juani kwenye jamvi la kuanikia karafuu. Mke wangu alipita, akauona mchanga, akaniona na mimi nikiugeuza kwa mguu kama nageuza karafuu. Baadaye nilimsikia akicheka jikoni.

Tulifanya kazi wiki mbili. Bomba la tatu tulilipinda mara nne. Fundi alipowasha grenda kukata ubavu wa gari ili mabomba yapite, nilitoka nje, sikuweza kutazama. Tukachomelea, tukatia gasketi mpya, tukakaza nati kwa zamu. Kisha nikawasha.

Ewe Mola! Sauti ilitoka nzito, imetulia, wala haikupiga kelele za hovyo. Fundi alinikumbatia na ovaroli lake la grisi na mimi sikujali. Nilijiona mwanamume kuliko wanamume wote wa Pemba.

Nikarudi nyumbani napiga honi tangu barabarani. Mke wangu alitoka na baibui lake jeusi na mkoba mkononi. Alichuchumaa, akatazama chini ya gari. Safi. Akafungua mlango wa kushoto, akanyanyua mguu, akasita. Alitazama pindo la baibui, akatazama bomba lililolala chini ya mlango. Akarudi ndani, akaja na maji kiganjani, akayanyunyiza. Yakachemka papo hapo, yakafuka mvuke.

"Na hili baibui langu nilipitishe wapi?"

Mimi dereva huingilia kulia. Fundi huvaa ovaroli. Wiki mbili nzima, wanaume wawili wazima, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye kiti kile huvaa nguo ndefu mpaka kwenye vifundo. Badala ya kuona haya nikapandisha hasira, nikamwambia si alinyanyue kidogo tu.

"Nilinyanyue barabarani, watu wakitizama?"

Kwa kweli niliumia, nilijua nimelipoteza neno lake. Lakini yeye hakuliacha jambo hapo. Alikwenda jikoni akarudi na bati lake la kukunia muhogo, lile lililotobolewa kwa msumari, akaliweka mbele ya bomba, mbali kidogo.

"Bati kama hili, refu. Upepo upite kwenye matundu. Ila lisiguse bomba."

Fundi alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akalikata bati siku ile ile. Matundu tuliyatoboa kwa msumari, mstari kwa mstari. Mke wangu alikuja mwenyewe gereji kulishika bati kwa mkono baada ya injini kukaa moto nusu saa. Alikaza kiganja pale pale, hakikuungua. Kisha akaingia garini.

Siku ya Idi tulipofika Shumba aliniamuru nipunguze mwendo. Tukapita juu ya mawe yale yale, na chini hapakugonga kitu. Akapiga makofi kama mtoto, na mimi, nasema kweli, machozi yalinitoka.

Msuka mama alikuwa mlangoni. Hakunitazama mimi. Alimshika mkwe wake mkono, akalikagua baibui mbele na nyuma, akaliinua pindo akalinusa.

"Mwanangu, leo umekuja safi."

Nilikwishazima gari na kuanza kushusha mikoba. Mke wangu akarudi, akafungua mlango wa kushoto, akakusanya baibui lake vizuri, akakaa.

"Washa," akasema. "Wale walonicheka wako kuno upande wa kisimani."

Nikawasha.